Kwa Bibi Yangu Asiyekula Pongo

Kwako Bibi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Najua utasema mume hamwamkii mkewe, lakini nimeshakuwa mzee kuliko ulivyokuwa wewe siku tunakuzika, na sijui tena kati yetu nani aamkie na nani aitikie. Pokea tu, tusigombane mapema.

Barua hii naiandika waziwazi, asome anayetaka. Nikiitia kwenye bahasha itaozea mfukoni, maana huko uliko sijui posta yake inafunguliwa saa ngapi. Nikiiacha wazi, huenda mtu mmoja akaisoma kwa sauti, nawe ukaisikia. Masikio yako hayakuwa ya mchezo. Ulikuwa unapalilia kule mwisho wa shamba, nami nikigusa tu kifuniko cha chungu cha maziwa, nasikia jina langu limeitwa. Mwandiko usiucheke. Mimi ni wa darasa la nne, na hilo la nne mwalimu alinipandisha ili niondoke darasani kwake.

Habari yenyewe ni harusi. Nina mjukuu anaitwa Milembe, hukumkuta. Anauza vipuri vya mashine dukani Kahama, na jicho lake ni lako kabisa: akikutazama, unaanza kukagua vifungo vya shati lako. Kijana aliyemtaka ni Mzinza wa Geita, Faustine, fundi wa mota za makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Alikuja dukani kununua beringi. Kesho yake akarudi kununua nyingine. Akarudi tena, na tena, mpaka Milembe akamwambia hakuna mota duniani inayokula beringi kwa fujo hivyo, kama ana neno aseme, foleni ni ndefu. Akasema.

Basi wakamtuma mshenga hapa kwetu Tinde, mtu mpole, amevaa koti katikati ya jua. Unajua mambo yanavyokwenda. Kabla ng'ombe hawajatajwa, zinatajwa koo. Kila upande unawataja mabibi wote na kila ukoo unasema mwiko wake, kitu usichokula, ili mtu asije akaoa damu yake. Mshenga akaanza na kwao. Akataja majina mengi, na mwisho akasema kwamba ukoo wa Faustine hauli pongo, yule swala wa vichakani.

Nilisikia. Moyo ukanishtuka kidogo, nikauambia tulia, watu wasiokula pongo kule ziwani wapo wengi.

Ikaja zamu yetu. Tulikwenda vizuri, huyu mtoto wa fulani, yule wa fulani, mshenga anaitikia kwa kichwa kila jina. Halafu akauliza kwa adabu zake zote: "Na mama yake Mzee Luhende, yeye alikuwa mtoto wa nani?"

Luhende ni baba yangu, mzaliwa wako wa kwanza. Mama yake ni wewe. Watu wazima wote pale uani wakaanza kuwatazama kuku.

Hakuna aliyejua, Bibi. Kijiji kizima kilikuita Mama Luhende. Babu Ngasa alikuita "wewe", na wakati mwingine hata hilo alilibana. Jina la kwenu, baba yako, mto uliokunywa maji yake ukiwa mtoto, hakuna. Nikaikumbuka siku ya mazishi yako. Kwetu mwanamke hafukiwi mpaka watu wa kwao wafike, wamwone, ndipo udongo urudi. Tulikaa tukiitazama ile njia ya magharibi mpaka kivuli cha nyumba kikafika kaburini. Babu akasimama, akasema, "Fukieni. Hawaji." Alisema kama mtu anayejua. Mimi nilidhani ni uchungu unaongea.

Mshenga akasema taratibu kwamba bila jibu la bibi huyo, wazee wa Geita hawatasogea. Alipoondoka, Milembe hakulia wala hakununa. Alinisogelea akaniambia, "Babu, wewe ndiye uliyekuwa unamwita mke wako. Nenda kamtafute." Nikamwuliza, je, nikikuta ni damu yao? Akakagua vifungo vya shati langu. Halafu akasema: "Usirudi na uongo. Ukirudi na uongo nitauona usoni, na mtu mwingine wa kuniambia kweli sina."

Unaona alivyonifunga? Nilikuwa nimeshaanza kuupanga ule uongo. Ningesema wewe ni Msumbwa wa Ushetu, nani angebisha? Hivyo nikaondoka kukutafuta huku nikiomba nisikupate.

Njiani nilikuwa na lile paja la pongo kichwani. Unalikumbuka? Mimi meno ya mbele yalikuwa yameng'oka. Babu alirudi kutoka porini nalo begani, anapiga mluzi. Ulikuwa unapepeta mtama. Uliweka ungo chini, ukaanza kubeba vyungu vyako vyote, kimoja kimoja, ukavipeleka nje ya boma, ukavifunika kwa kanga kama watoto waliolala. Ulipomaliza ukamwambia babu, "Pikia kwenye kofia yako." Naye alikuwa na kofia ya chuma aliyorudi nayo kutoka vitani, akapikia humo kweli, maana mumeo alikuwa hashindwi na kitu. Tulikula, mimi na yeye, tukilamba vidole. Nikakufuata kule nje, mafuta yananitiririka mpaka kwenye kiwiko, nikakwambia mke wangu njoo, inanukia.

"Inanuka," ulisema. "Na wewe nenda ukanawe mbali na mimi."

Macho yako yalikuwa na maji. Nilipouliza, ukasingizia moshi. Lakini moshi siku ile ulikuwa unakwenda upande wa pili, na hata mtoto asiye na meno aliliona hilo.

Nilianza na misheni ulikobatizwa. Karani ni mama mwenye miwani, mchangamfu, akanishushia kitabu cha zamani kilichokaribia kuwa unga. Tukakupata. Monika, mke wa Ngasa. Mzinza. Wazazi hawajulikani. Hayo tu, Bibi. Maisha yako yote, na padri alitumia wino mdogo kuliko wa kuandikia chupa ya dawa. Nikaanza kumsema padri wa watu, marehemu wa siku nyingi, kwamba hawajulikani kwa nani? Umeshuka na mvua ya mawe? Yule mama akaniambia, "Mzee, padri aliandika alichoambiwa."

Nikaacha kumsema padri. Kwa kuwa ni kweli. Pale mbele yake alisimama mtu mmoja tu wa kujibu swali lile, na mtu huyo ni wewe. Uliwajua wazazi wako, ukamtazama padri usoni, ukasema hawajulikani. Hapo ndipo nilipoanza kukuogopa, mke wangu. Nilizoea kukuogopa kwa ajili ya mwiko wa kusongea ugali. Hii ilikuwa hofu nyingine.

Mzinza, kwa hiyo. Na huli pongo. Kama kwa kina Faustine.

Nikaenda Isaka kwa Shangazi Holo, kitinda mimba wako, ndiye pekee wa tumbo lako aliyebaki juu ya ardhi. Anakaa nyuma ya pale malori yanapopanga foleni kusubiri makontena ya kwenda Rwanda, na honi zake amezizoea mpaka akienda kusalimia mahali pakimya hapati usingizi. Anaona kwa shida, lakini ulimi hauna umri. Nilipobisha hodi akaniuliza nimekuja kumsalimia au kumzika, kwa kuwa kwa kumsalimia sijawahi. Nikamwambia nimekuja kuangalia urefu ili fundi achonge sanduku. Tukacheka mpaka akakohoa. Halafu nikamweleza ya Milembe.

Akasugua goti. Akasema usiku wa kuamkia harusi yake ulimwita jikoni ukamwambia neno moja la kwenu, la pekee ulilowahi kumpa: "Mimi nililetwa na njaa."

Ilikuwa njaa kubwa huko Uzinza, na huku Usukuma mtama ulikuwapo. Watu walifunga safari, wenye jembe la chuma wakatoa jembe wapewe mtama. Aliyekwisha maliza majembe yake aliacha mtoto. Si kumuuza, Shangazi alinikazia macho yake mabovu hapo, si kumuuza hata kidogo. Mtoto anakaa, anakula, anasaidia kazi, na mvua zikirudi baba yake anarudi na majembe kumchukua. Ndivyo ulivyofika kwenye boma la baba yake Ngasa, mtoto wa kike ambaye hata maziwa hayajachomoza, na baba yako akajitwika mtama wake akageuka kwenda kuwaokoa wengine.

Nikauliza, mbona hakurudi? Shangazi akasema hilo hukumwambia. Lakini ana lake aliloliona kwa macho, wakati macho yalikuwa macho.

Siku hizo Shangazi alikuwa mtoto, ameshajua kutembea, ila akichoka unambeba. Kiangazi kimoja ulimchukua, hukuaga mtu, mkaenda magharibi. Mlilala kwa watu, mkavuka mito mikavu, mkanywa maji ya kwenye mashimo ya ng'ombe. Mkafika mahali pana majani marefu kukuzidi wewe. Ulimtua chini. Ukaingia kwenye majani, ukawa unapapasa kwa mguu, ukakuta mawe ya mafiga, matatu, yamekaa vilevile kama yanangoja chungu. Ulisimama katikati yake ukaita. Shangazi anasema uliita majina, kwa lugha asiyoijua. Unaita, unanyamaza kusikiliza, unaita jingine. Hakuitika mtu. Palikuwa na mbung'o tu, wanawauma, yeye analia, na wewe huwafukuzi. Ulipomaliza majina yote ulimbeba mgongoni mkarudi. Babu alikukuta unaingia bomani miguu imepasuka. Hakukuuliza kitu. Alikwenda kukukamulia maziwa mwenyewe, mwanamume mzima, watu wanaona.

Bibi, mimi ni mtu wa mzaha, unanijua. Nilitafuta neno la kuchekesha la kumwambia Shangazi, nikalikosa. Nimelala mgongoni mwako utoto wangu wote, na sikujua ule mgongo umetoka wapi.

Ningeweza kuishia hapo. Nikanywa chai yote ya Shangazi nikifikiri hivyo. Lakini ukisha kumsikia mtu anaita majina kwenye majani, utarudi nyumbani useme nini? Nikapanda basi la Kahama, nikapita Kakola, nikaingia Geita nimekuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope.

Nyumbani kwao Faustine ni nje kidogo ya mji, makarasha yananguruma bondeni mchana kutwa, na unga wa mawe umekaa juu ya majani ya migomba. Wanaume walikuwa kazini. Alikuwapo shangazi wa baba yake Faustine, mwanamke mkongwe, mjane aliyerudi kukaa kwao, naye ndiye mwenye neno la mwisho kwenye ndoa za nyumba ile. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anamenya muhogo, kisu kinakwenda bila yeye kukitazama. Ugoro puani. Nilimwamkia kwa mbali, kwa heshima ya mkwe mtarajiwa, macho chini. Hakuitikia. Alikuwa ananitazama kichwa.

"Sogea," akasema. "Geuka upande."

Nikageuka. Nilidhani anataka kuona kama nimebeba zawadi.

"Masikio hayo," akasema. "Tuliambiwa masikio hayo."

Nikamwuliza kwa unyonge masikio yangu yamemkosea nini. Akasema yeye hajawahi kuyaona, ila amekuzwa nayo. Wamekuzwa wote nayo kwenye nyumba ile: kijana wa Kisukuma mwenye masikio kama majani ya tumbaku, aliyewachukulia binti yao. Babu Ngasa, Bibi. Masikio niliyokuwa nacheka kila siku, na ambayo kioo kinanionyesha kila asubuhi.

Nikasahau adabu zote za mkwe. Nikaketi chini pale pale kwenye maganda ya muhogo. Nikamwambia: kama unayajua masikio, basi nitajie jina la huyo binti.

"Nyamwiza," akasema. "Na mimi ni Nyamwiza. Kabla yangu aliitwa mwingine, na baada yangu yupo mwingine, yuko shule."

Akaniambia yote, na kisu hakikusimama. Wewe ulikuwa dada mkubwa wa baba yake. Mvua zilirudi, mavuno mawili yakapita, babu yake, ndiye baba yako, akapata majembe, akayabeba kichwani mpaka Usukuma. Alikukuta umekuwa msichana mkubwa, umesimama mlangoni pa zizi, na yule mwenye masikio kando yako ameshika ndama. Majembe yakawekwa chini, wazee wa boma wakayapokea, wakasema mchukue mtoto wako. Akakuita.

Ukasema hurudi.

Baba yako alidhani hukusikia. Akakuita tena, kwa jina, kwa upole. Ndipo uliposema maneno ambayo yule mama alinirudishia kwa Kizinza kwanza, halafu kwa Kiswahili, ili nisikose hata chembe: "Nyamwiza mliyemwacha hapa alikufa kwa kuwangoja. Huyu ni mwingine, na ana mtu wake."

Wazee wakataka kukupiga. Baba yako akawazuia. Aliomba kibuyu. Kwao, undugu ukikatwa, kibuyu kinavunjwa katikati, kila upande unachukua kipande chake, na kuanzia saa ile hao ni wageni. Hawaitani kwenye ugonjwa, hawazikani. Alikivunja gotini, mzee wa watu. Akaokota kipande chake. Alitegemea baba yake Ngasa ndiye ataokota kingine. Wewe ukainama ukakiokota mwenyewe.

Wazee wakamrudishia majembe yake yote, akaondoka nayo. Hukuwa na mahari, hukuwa na ukoo, hukuwa na mtu wa kukulilia ukifa. Ulikuwa na kijana mwenye masikio, na nusu ya kibuyu. Na ulikuwa mdogo, Bibi. Nikihesabu vizuri, ulikuwa mdogo kuliko Milembe.

Hivyo hawakuja kukuzika kwa sababu walikatazwa, na babu alijua. Na ulipowafuata baadaye kwenye yale majani, hukuwakuta kwa sababu Mwingereza alishawahamisha kwa ajili ya mbung'o na malale, nyumba zikachomwa. Hawakukuacha kwa mara ya pili. Walipakiwa wakaondolewa. Nilimweleza habari ya mafiga na yale majina uliyoyaita. Hapo kisu kikasimama. Akaniomba nirudie majina. Sikuyajua, Shangazi hakuyashika. Akayataja yeye, polepole, kaka zako na dada zako, mmoja mmoja. "Ndio hao aliokuwa anawaita," akasema. "Walikuwa Sengerema wakati ule. Wote walikuwa hai."

Nikamwuliza, kama kibuyu kilivunjwa, jina lako walilishika kwa nini?

"Kibuyu walivunja wanaume," akasema. "Sisi hatukuulizwa." Mama yako alipoletewa habari hakubishana na mumewe. Alingoja. Mtoto wa kike wa kwanza kuzaliwa nyumba ile akamwita Nyamwiza, na tangu hapo wanawake hawajaacha. Akizeeka au akifa mmoja anaitwa mwingine. Nafasi yako haikuwahi kukaa wazi hata siku moja.

Sasa tazama tulipofika, mke wangu. Nilikuwa nimekupata. Nilikuwa nimeketi mbele ya shangazi yangu wa damu, mwenye jina lako. Na kwa furaha ile ile nilikuwa nimeua harusi ya Milembe.

Naye alishaona mbali kuliko mimi. Alifuta kisu kwenye kanga. Akasema akitamka kwamba sisi ni ndugu, Faustine na Milembe basi, na kilembwe wa Nyamwiza atakuwa amefukuzwa kwenye mlango ambapo Nyamwiza mwenyewe anangojewa. Akitamka kwamba kibuyu ni kibuyu, kilishavunjwa, watoto wataoana.

"Lakini hapo mimi nilikuwa namngojea nani?" akauliza. "Jina hili nimelivaa tangu nazaliwa. Nalirudisha kwa nani?"

Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nilitazama maganda ya muhogo. Alikuwa ananiuliza mimi, lakini nadhani alikuwa anakuuliza wewe, na nikaogopa kuvuta pumzi kwa nguvu nisije nikajibu kwa niaba yako.

Akainuka, kwa shida, akakataa mkono wangu. Akaingia jikoni. Alirudi na ugali wa muhogo na samaki mkavu aliyeungwa kwa karanga, kwenye sahani moja, akaiweka katikati yetu. Nikasema shangazi, tulia, sina njaa.

"Kula, mtoto wa ndugu yangu," akasema. "Wanaume wanakaribia kurudi. Nikishawaambia, mimi na wewe ni wakwe, na wakwe hawali sahani moja."

Nikanawa. Tukala. Nilimega tonge, naye akamega upande wake, akanichagulia mnofu wa shingo akanisogezea kwa kidole, kama anavyofanyiwa mtoto, na mimi nina wajukuu. Alitafuna kwa ufizi, taratibu, hakutaka iishe. Mimi pia. Nimekula kwenye harusi za watu wakubwa, nimekula kwenye kofia ya babu, lakini sijawahi kula kitu kikanishinda kumeza namna ile, wala nikakitaka namna ile. Tulifuta sahani mpaka ikawa haina harufu.

Baba yake Faustine na ndugu zake waliingia uani na vumbi lao. Yule mama alikuwa ameshanawa, ameketi wima, na mimi ameninyooshea kidole nihamie kwenye kiti kule mbali, kiti cha mgeni. Wakasalimia. Wakauliza kama bibi wa upande wetu amejulikana.

"Amejulikana," akasema. "Ni yule wa kibuyu. Kibuyu kilivunjwa. Hawa si ndugu zetu, waambieni walete siku."

Wanaume wakafurahi, wakanishika mkono, mkwe, mkwe. Niliinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Nilipokwenda kumuaga aliniitikia kwa mbali, macho kando, sauti kavu ya adabu: "Wasalimie huko, mkwe." Nikatoka na ndugu wengi niliowapata mchana na kuwapoteza kabla ya jioni, na nilikuwa natembea kama mtu aliyetoka kanisani, mimi ambaye kanisani mnanijua nalala.

Milembe nimemwambia yote, bila kupunguza. Alikagua uso wangu, hakukuta uongo. Nilidhani atarukaruka. Alikaa chini, akaniuliza kile kipande chako kilikwenda wapi. Nikasema sijui, hakuna aliyewahi kukiona. Akasema yeye anadhani ulikitupa mtoni ukaendelea na kazi. Mimi nadhani ulikificha. Tumebishana mpaka chakula kikapoa, na hakuna atakayeshinda kwa kuwa mwenye kujua ni wewe, nawe unapenda tuteseke.

Harusi ni baada ya mavuno ya mpunga. Atakwenda kukaa kwenye nyumba ile, atamwamkia Nyamwiza kila asubuhi, naye Nyamwiza atamfundisha kusonga ugali wa muhogo, na hawataambiana kitu. Mimi nitapangiwa kiti upande wa wakwe. Nitakaa na heshima zangu mpya, nisimtanie mtu, nisimwite mtu shangazi, na chakula changu kitaletwa kwenye sahani ya peke yangu.

Nitakila, Bibi. Wewe uliweza makubwa zaidi ukiwa na umri mdogo zaidi, na hukulalamika kwa mtu, labda kwa moshi.

Lala salama, Nyamwiza. Nimekuita mara ya kwanza maishani mwangu, na nimesimama kukuita.

Mimi mume wako mdogo,
mtoto wa Luhende wako.